Mtani Katika Tanbihi

Novemba 24, Ulemo

Mvua ya kwanza. Ndogo, ya kutia vumbi adabu tu, lakini Philipo, msaidizi wangu wa maabara, alikimbia kuanua nguo kana kwamba gharika imetangazwa.

Naanza daftari hili kwa sababu moja. Masika haya yakiisha, Kamati ya Vyeo itakuwa imeamua kama mimi ni Mtafiti Mkuu au ni mwanamke wa miaka hamsini na nne anayefuga papasi. Vita hivi nataka viandikwe na mpiganaji mwenyewe.

Papasi ni kupe wa kwenye nyufa za nyumba. Watu wakilala anatoka, anakunywa damu, anarudi ufani kabla hujajigeuza. Anaacha homa inayokuja, inaondoka, halafu inarudi ukishajisifu kwamba umepona. Mjamzito akiipata, mara nyingi mimba haibaki. Hicho ndicho nilichosomea. Wenzangu walisomea sheria na sasa wana vitambi.

Tatizo ni hili: Taasisi yetu ya utafiti imepitisha kanuni kwamba chumba cha maabara kisichokuwa na Mtafiti Mkuu kitahamishiwa makao makuu. Chumba chetu cha papasi hakina. Nikikosa cheo, makopo yetu yote yanapakiwa kwenye gari, nami nayafuata kama mzigo. Philipo, ambaye amewatunza wadudu hawa kuliko wengine wanavyotunza ng'ombe, anabaki Ulemo na funguo za chumba kitupu.

Novemba 29

Nimeusoma mwongozo wa kamati mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikatafuta mtu wa kumpigia kelele. Hawasomi makala zako. Wanahesabu zimetajwa mara ngapi katika makala za wengine. Kuna kipimo wanakiita h: ukiwa na makala kumi na mbili, na kila moja imetajwa angalau mara kumi na mbili, basi h yako ni kumi na mbili, na hiyo ndiyo wanayotaka. Aliyegundua dawa akaiandika katika makala moja, h yake ni moja. Aliyeandika upuuzi mara kumi na mbili, na kila upuuzi ukatajwa na wajomba zake kumi na wawili, huyo ndiye Mtafiti Mkuu.

H yangu ni kumi na tatu. Kwa hiyo naupinga mfumo huu nikiwa juu ya mstari, jambo linalonipa heshima.

Desemba 3

Kijana mmoja kutoka Ofisi ya Takwimu ya makao makuu, Raymond, amepiga simu. Shikamoo yake ilikuwa safi, nikalainika. Kumbe ndoano.

"Dakta, mfumo umekuwekea alama nyekundu. Kuna mtu anaitwa Gerald Masanja, wa Mwanza. Amekutaja katika karibu kila makala aliyoandika. Na wewe umemtaja yeye katika karibu kila ya kwako. Mfumo unashuku mmepatana kupandishana namba."

Nilicheka hadi Philipo akaja mlangoni.

"Umezisoma hizo makala, mwanangu?"

"Hapana, Dakta. Mimi nahesabu."

"Basi soma. Huyo Msukuma hajaniandikia neno jema hata moja tangu nimfahamu. Ni mtani wangu. Mimi Mnyiramba, yeye Msukuma."

Halafu kwa sauti ya masikitiko: "Hapa kwenye fomu kuna ndugu na kuna rafiki. Mtani niweke wapi?"

"Kwani wewe hujui mtani ni nini?"

"Mimi najua, Dakta. Mfumo ndio haujui."

Mwishowe ameniandika: mpinzani. Nimeridhika. Akaniambia kuna sharti moja tu: kutajwa na mtu ambaye umewahi kuandika naye makala hakuhesabiki. Nikamwambia siku nitakapoandika makala na Gerald Masanja, waje wanipime kichwa.

Desemba 9

Tumepanda alizeti. Mgongo unauma. Sina la kuongeza.

Desemba 17

Leo nimemwandikia Philipo historia ya ugomvi wetu, maana yeye huona matusi tu, haoni hoja.

Mimi nasema: papasi wanafuata watu. Hata ukibomoa tembe la udongo ukajenga nyumba ya matofali na sakafu ya saruji, unawahamisha humo kwa kitanda chako cha zamani. Nimewakuta kwenye nyumba za saruji, mara nyingi, hapa Iramba na hata kule Manyoni. Gerald anasema: saruji inaua papasi, mchezo umekwisha, na amekagua nyumba zilezile katika vijiji vilevile asiwakute. Miaka kumi na mitano sasa.

Katika tanbihi moja aliandika: "Matokeo ya Dakta Emiliana yanafaa kusomwa na mtu mwenye muda mwingi." Nikamjibu katika makala yangu iliyofuata kwamba Masanja hukagua nyumba kama mgeni wa harusi, anaona kilichopakwa rangi tu. Mhariri wa jarida aliniomba nilainishe. Nikaongeza neno "mwalikwa".

Philipo amesoma, amekuna kichwa. "Sasa Dakta, yeye si alipata Mtafiti Mkuu mwaka juzi?"

"Alipata."

"Kwa namba?"

"Kwa namba."

"Na aliyemtaja sana ni nani?"

Nimemtuma akalishe papasi. Wanalishwa kwa jogoo wetu wa maabara, Mwenyekiti, ambaye hukaa kwenye meza kwa utulivu wa mtu anayelipwa posho. Wadudu wanamnyonya chini ya bawa, yeye anatazama dirishani.

Januari 6

Mvua siku ya tatu mfululizo. Mjomba Chediel amefariki, Misigiri, usingizini, akiwa amekula chumvi nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Naondoka kesho asubuhi.

Januari 8, Misigiri

Tumemzika Mjomba. Mvua ilitupa saa mbili za ruhusa.

Jeneza likiwa bado ndani, nikasikia nje vicheko vya aina ile ambayo msibani huletwa na watani tu. Nikatoka. Gerald Masanja, Mtafiti Mkuu, amevaa koti la Mjomba na kofia yake, ameshika mkongojo, anatembea kwa kuchechemea vilevile alivyochechemea marehemu, anawaamuru wajukuu wakafunge ng'ombe. Shangazi zangu walikuwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Kisha akalala chali mlangoni: jeneza halipiti mpaka Wanyiramba wakiri kwamba marehemu alikuwa Msukuma aliyepotea njia.

"Amka, Masanja," nikamwambia, "unachafua koti la watu."

"Wewe nani? Namfahamu mwanamke mmoja wa huku anayetafuta wadudu kwenye saruji. Ni wewe?"

Watu wazima wote waliokuwepo, sijui walielewa nini, lakini walicheka.

Ametoka Mwanza kwa basi, usiku kucha, kwa sababu ya mjomba wangu. Hakuwahi kufika huku masika. Huja kiangazi, chuo kikifunga. Jioni korongo lilijaa, barabara kubwa haifikiki, akapewa chumba kwa Mzee Simeoni, jirani. Chumba bora kijijini: matofali ya kuchoma, lipu, saruji, mabati.

Januari 9

Naandika asubuhi hii kabla sijasahau hata neno.

Nilikwenda kwa Mzee Simeoni kunywa uji. Gerald alitoka na shati begani, amemwamkia mzee kwa heshima, amesema amelala salama. Wakati anasema hivyo alikuwa anajikuna mbavu.

"Geuka," nikamwambia.

"Sigeuki."

"Geuka, Masanja!"

Akageuka. Mgongo mzima: alama nyekundu, kila moja na kidoa cheusi katikati. Hata Philipo, aliyekuja nami mazishini, alitambua akiwa mbali.

"Nyumba ya saruji, Dakta," nikasema taratibu, maana furaha kama hii haifai kuharakishwa. "Haina papasi. Umeandika mwenyewe."

"Ni kitanda," akasema haraka. "Wewe si ndiye unayesema wanaletwa na vitanda vya zamani? Basi umeshinda. Ni kitanda."

Mzee Simeoni aliweka kikombe chini. "Kitanda gani cha zamani? Kimetoka kwa fundi wa mjini Kiomboi mwezi wa kumi na moja! Hata nailoni ya godoro sijaitoa. Mnanitukana nyumbani kwangu?"

Nilikuwa nimemshinda Gerald kwa muda wa sentensi mbili, kisha mzee akatushinda sisi wote.

Hapo ndipo tetea akatoka chumbani, polepole, na vifaranga wake nyuma.

"Huyu naye amelala humu?" Gerald akauliza.

"Chini ya kitanda, kwenye tenga lake. Wengine wako kwenye kona."

"Mbona nikija siwaoni?"

"Si unakuja kiangazi! Kiangazi wanalala nje, juu ya miti. Masika wanaingia ndani."

"Kuku wako tu, Mzee, au wa kijiji kizima?"

"Kijiji kizima, baba. Kwani huko kwenu kuku wanapewa miavuli?"

Gerald alinitazama. Sijawahi kumwona ananitazama bila kutafuta tusi.

"Emiliana. Wewe hupima masika."

"Mashamba yetu kiangazi yamepumzika, watu wamesafiri. Ndiyo, nafuata masika."

"Na mimi kiangazi. Mbona hukuwahi kuandika kwamba kuna kuku ndani?"

"Sikuwahi kuandika kwamba kuna mlango, pia."

Na ndiyo kweli yenyewe. Nimezaliwa nyumba ambamo kuku huingia mvua inapoanza. Sikuwaona, kama nisivyoona kizingiti. Yeye hakuwaona kwa sababu hawakuwepo. Tulivuta tenga, tukainama kama watoto wanaotafuta gololi. Nyuma yake saruji ilikuwa imeachana na ukuta, ufa wa upana wa kidole, na ndani yake papasi wamejaa, wanene, wameshiba damu ya kuku na ya Mtafiti Mkuu.

"Dakta," Philipo akasema, "si ndivyo tunavyowalisha sisi?"

Nilikaa chini. Miaka yote hii chumbani kwetu papasi wanakula jogoo mezani, halafu sisi tunazunguka vijiji tukiuliza kwa lugha ya kisomi wanaishi kwa kula nini.

Januari 11

Korongo limepungua. Kwa siku hizi mbili tumepita nyumba kwa nyumba, tukigombana kila mlango. Penye kuku ndani, papasi wapo. Pasipo kuku, hakuna, iwe tembe iwe saruji. Kiangazi kuku wakitoka, papasi huzama ndani kabisa ya nyufa, mkaguzi asiwaone. Gerald ameondoka na mfuko wa karanga na koti la Mjomba. Koti ni haki yake.

Januari 19

Ujumbe kutoka Mwanza: "Homa imefika. Nimepimwa, ni ile yetu. Nimeanza dawa. Wadudu wa Kinyiramba hawana adabu." Nikamjibu: "Hifadhi damu. Wewe sasa ni takwimu."

Februari 2

Selina, mkwe wa Mzee Simeoni, ana mimba ya miezi saba. Analala chumba kilekile alicholala Gerald. Nimepigiwa simu ana homa tangu juzi. Nimewaambia wampeleke hospitali leo hii, si kesho, na wamtajie daktari neno papasi kabla hajaandika malaria.

Februari 3

Amepata dawa. Mimba ipo. Nimelala mchana kama mtu aliyelima.

Februari 10

Hapa sasa ndipo penye mfupa.

Makala iko tayari kichwani. Nusu yake ni masika yangu, nusu nyingine ni kiangazi cha Gerald. Ukiondoa moja, iliyobaki ni uongo wa zamani. Lakini nikiandika naye tu, kila alikonitaja kunafutika. Nimekaa na Raymond kwenye simu tukakokotoa. Bila Gerald, h yangu ni tisa.

"Dakta, kamati inakaa Machi," Raymond akasema. "Subiri mpaka Julai. Utatoa makala ukiwa na cheo chako. Hakuna anayeumia."

"Julai kuku watakuwa wapi?"

"Sijui mambo ya kuku, Dakta."

"Nje. Na sasa hivi wako wapi? Chini ya vitanda vya wajawazito. Nimewaambia watu wa Misigiri kwa mdomo wangu, wamejenga mabanda. Lakini Mkalama hawajanisikia, Itigi hawajanisikia, na wakubwa wa wilaya hawatoi tangazo bila kuonyeshwa andiko."

Baadaye nikampigia Gerald.

"Andika peke yako," akasema. "Chukua takwimu zangu. Sitadai."

"Niibe?"

"Nakupa."

"Ukinipa bila jina lako ni wizi uliokubaliwa. Nimewatukana watu kwa hilo magazetini, kwa majina yao. Leo nianze mimi?"

"Emiliana, ukikosa cheo hicho, chumba kinaondoka."

"Najua kinachoondoka."

Kisha: "Basi jina lako litangulie. Ili kosa likionekana, wakukamate wewe kwanza."

"Litangulie lako. Wewe ndiye mgonjwa."

Tumebishana hadi salio likaisha.

Februari 13

Nimemwambia Philipo kwamba naandika na Gerald, na chumba huenda kikaondoka. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Alikuwa anaosha makopo. Alisema, "Sawa, Dakta," akaendelea kuosha. Baada ya muda: "Selina hajambo?" Nikasema hajambo. "Sawa," akasema tena. Nimekuwa nikimwona mtu mtaratibu asiye na shauri. Nilikuwa simwoni vizuri.

Machi 2

Tumeiweka makala mtandaoni, wazi kwa wote, jarida litaamua kwa wakati wake. Emiliana na Masanja. Nilishindwa kwa kura: yeye alipiga mbili.

Machi 5

Halmashauri wameomba nakala. Tangazo la redio linaandaliwa: kuku wajengewe banda, nyufa zizibwe. Mvua kubwa. Alizeti imechanua, njano hadi unafumba macho.

Machi 14, makao makuu

Usaili. Watu watano, maji ya chupa, kiyoyozi kinachonguruma kama trekta. Mwenyekiti wa kamati ni Profesa Marietha, mwanamke mwenye miwani ya kamba na sura ya mtu aliyekwisha kusikia visingizio vyote.

"Dakta, ulijua sharti la kuandika pamoja?"

"Nilijua."

"Ulijua tarehe ya kikao hiki?"

"Nilijua."

"Kwa nini basi hukusubiri?"

"Kwa sababu mvua haikusubiri, Profesa."

Mjumbe mmoja akasema kwamba makala yenyewe mpya haijatajwa na mtu hata mmoja. Hapo nikawaka. Nilisema kwamba ipo Misigiri mimba moja iliyoitaja. Nilisema h hupima nani anazungumzwa na wanaoandika, wala haipimi nani amelala salama. Nilisema mengi zaidi, na mengine sitayaandika hata humu. Profesa Marietha alisubiri nimalize. Akasema, "Nimezisoma makala zako zote, Dakta. Na tanbihi za Masanja." Mdomo wake ulitetemeka pembeni. "Lakini kanuni nilikuta imeandikwa, na leo naisimamia."

Nimempenda. Afadhali adui aliyesoma.

Machi 27, Ulemo

Nimekosa. H: tisa. Naruhusiwa kuomba tena baada ya miaka miwili. Philipo amepika ugali, amechinja kuku, si Mwenyekiti.

Machi 28

Hasira. Nimeandika makala ya gazeti, nimeifuta, nimeandika nyingine, kali zaidi, nimeituma.

Aprili 4

Raymond amepiga. Shikamoo, marahaba, halafu kwa haraka kama mtu anayetoroka na mali: "Dakta, nimeisoma tena kanuni ya vyumba. Inasema chumba kiwe na Mtafiti Mkuu aliyesajiliwa. Haisemi awe anakaa hapo. Haisemi awe anatoka huko. Nimempigia Dakta Masanja. Amekubali kusajiliwa Ulemo. Profesa Marietha ameshasaini."

Kijana huyu nimemwita karani wa namba mbele ya watu, na kumbe alikuwa amekaa anasoma sheria kwa ajili ya papasi wangu.

"Kwa hiyo chumba kinabaki?"

"Kinabaki. Ila, Dakta…" akasita, "kwenye karatasi, mkuu wako ni yeye."

Nilipomwambia Philipo alicheka hadi akashika ukuta.

Aprili 16

Selina amejifungua mtoto wa kike. Mzee Simeoni ametuma salamu, na swali: je, banda la kuku likiwa na saruji, ni vibaya?

Aprili 29

Hakuna mvua tangu wiki iliyopita. Gerald ameshuka leo kukagua "idara yake". Amevaa koti la Mjomba katika jua hili.

"Shikamoo yangu iko wapi?" akasema getini. "Mimi ni bosi."

"Mimi nimekupita miaka mitatu. Nenda chumbani, papasi watakuamkia."

Akazunguka chumba mikono nyuma, akakagua makopo, akamuuliza Philipo kama wadudu wanaridhika na uongozi. Kisha akamwona Mwenyekiti mezani, akamchukua akambana kwapani. Mtani akifika kwa heri huondoka na jogoo. Philipo alipiga kelele kwamba huyo ni mtumishi wa serikali. Tumekubaliana achukue jogoo wa kwangu nyumbani, mweupe, ambaye hajui kitu kuhusu sayansi.

Tukiwa kwenye mabishano hayo simu yake ikalia, kisha yangu. Makala yetu imetajwa kwa mara ya kwanza. Watafiti wawili, wa nchi ya mbali, hawajawahi kumwona papasi wa Iramba. Gerald alisoma kwa sauti: "Emiliana na Masanja wamekosea wote wawili."

Tulitazamana. Miaka kumi na mitano sijamwona mtu huyu akiwa na furaha kiasi hiki, na nadhani naye alikuwa anaona hivyohivyo usoni pangu. Akaweka jogoo chini. Nikavuta viti viwili.

Jua linazama sasa. Kuku wa Ulemo wamerudi juu ya miti. Sisi tumebaki ndani, jibu limefika ukurasa wa pili, na bado tunabishana jina la nani litangulie.